Sauti Chini ya Meza

Mimi nilikuwa na sauti. Nasema nilikuwa nayo kwa sababu mwaka ule wa tisini na nne ilikuwa imeanza kuhama bila kuaga, kama mpangaji anayetoa vyombo kidogo kidogo ili mwenye nyumba asijue. Kwanza iliondoka ile ya juu kabisa, ile iliyowafanya akina mama wa safu ya nyuma wafumbe macho. Nikalaumu baridi. Kisha ikaondoka ya katikati, nikalaumu moshi. Nina hoteli pale Daraja Mbili, mkabala na wauza ndizi, na mtu anayeshinda akiita chai mbili, maharagwe moja, wewe toa mguu hapo watu wapite, ana haki ya kulaumu moshi. Kwamba umri nao ulikuwa unasonga, hilo sikumtajia hata daktari.

Naitwa Esnah, lakini ukiniulizia sokoni kwa jina hilo utazunguka mpaka viatu viishe. Uliza Mama Nyangau. Hoteli yangu ni ndogo na huwa imejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi kama ndizi kwenye mkungu, na si kwa ajili ya chakula. Chakula changu ni cha kawaida. Watu huja kwa sababu habari za Kisii na Nyamira zote hupita pale kabla hazijawafikia wenyewe.

Ijumaa nafunga mapema napanda Manga nilikoolewa. Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa kazi imekwisha mpaka lizame tena Jumamosi. Na huko Manga ndiko nilikuwa mtu. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipitisha ng'ombe. Lakini tangu nilipoletwa bibi arusi, kwaya ya kanisa letu ilinisimamisha mbele niongoze. Mimi natoa mstari, kwaya inajibu. Wake wa walimu, wauguzi, karani wa kiwanda cha chai, wote nyuma yangu, wakingoja nimalize ndipo wafungue midomo. Kuna watu wamepewa mashamba, wengine wamepewa vyeti. Mimi nilipewa hicho tu, watu wenye vyeti kuningoja, na nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili.

Halafu akaja Cynthia.

Alikuwa binti wa jirani, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu, na sauti yake ilikuwa kama maji yaliyotekwa chemchemini kabla ng'ombe hawajaamka. Ubaya wake mkubwa ni kwamba alikuwa na adabu. Mtu mwenye kiburi unaweza kumsema vizuri ukashiba. Huyu alikuwa akinibebea kiti. Ananiita mama. Siku moja alinisifu kanga yangu, nikakosa la kumsengenya wiki nzima.

Mwalimu Ochoki, mfunzaji wa kwaya yetu, mtu mfupi mwenye Kiswahili kirefu, alianza kumpa Cynthia mistari ya mazoezi. Mwezi mmoja kabla ya makambi akaniita pembeni, akasafisha koo. Akasema makambi haya nitaongoza mimi, kama kawaida, na baada ya hapo tutasikilizana. Kwetu mtu akikuambia mtasikilizana, jua wenzako wamekwisha kusikilizana bila wewe. Kwa hiyo mambo yangu yote yakabaki kwenye wimbo mmoja. Niuimbe makambini mpaka turubai litikisike, wasahau kuna msichana; au nirudi safu ya nyuma nikabebewe kiti vizuri.

Kama hujui makambi, ni mkutano wetu wa Agosti. Makanisa ya jirani hukusanyika kiwanja kimoja cha shule wiki nzima na sufuria na magodoro, tunaimba, tunahubiriwa, tunaangaliana nani ameshona nguo mpya. Sabato ya mwisho ndiyo kilele. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu.

Sasa, siku zile kwaya ya Ekerenyo ilikuwa imekwenda Nairobi kurekodi kaseti, na kaseti hiyo ilikuwa inaimba hotelini kwangu kutoka asubuhi. Mwongozaji wao akitamka neno, neno linakwenda, linagonga mlima fulani usiouona, linarudi, linakwenda tena. Wauza ndizi walikuwa wakiacha mali yao wanakuja kusimama mlangoni. Rafiki yangu Kemuma, muuza mitumba wa meza ya jirani, akasema yule mama wa Ekerenyo hata akikohoa ni wimbo. Nilicheka na wengine, lakini chai niliyommiminia siku hiyo haikujaa kikombe.

Nilitaka kujua anakula nini. Kweli kabisa. Nilidhani ni asali, au mayai mabichi, au dawa fulani ya Tanzania. Nikaenda mjini kwa Gopal, mwenye duka la redio, kwa sababu yeye ndiye aliyeuza zile kaseti. Gopal tulijuana kupitia mkewe, Bharti, ambaye akija sokoni kununua ndizi hupumzikia kwangu. Bharti anapenda umbea wa Kisii kuliko mimi, ila yeye huusikiliza akiangalia pembeni kama mtu anayengoja mvua.

Nilipomuuliza Gopal yule mama anakula nini, alicheka mpaka miwani ikateremka. Akaniambia, "Mama Nyangau, hiyo si koo. Hiyo ni tepu."

Akapanda ngazi, akashusha kutoka rafu ya juu sanduku jeusi, zito, lenye vifundo vya kuzungusha mbele na vumbi la kutosha kupanda mboga. Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na utepe wa kahawia kama wa kaseti lakini mpana zaidi, umejilaza umejikunjakunja kama tambi kwenye sahani, hauna mwanzo wala mwisho. Akaniwekea kiti, akanieleza, na niseme ukweli, mimi nilikuwa nasikiliza kwa sababu nilidhani mwishoni kutakuwa na kisa cha mtu.

Alisema zamani, baba yake akiwa kijana, wenye studio walikuwa na mashine kubwa za kurekodi, na wakagundua kwamba sauti inaandikwa kwenye tepu mahali pamoja na kusomwa hatua kidogo mbele. Tepu inapotembea toka hapa kwenda pale, muda unapita. Muda huo ndio eko, ile sauti inayojirudia. Basi watu wakaanza kuutafutia nyumba ndogo. Waingereza wakautia kwenye kisanduku chenye kipete cha tepu, kifupi, mwanamuziki akakibeba mkononi. Waitaliano wakasema tepu inachakaa upesi, wao wakatumia gurudumu la chuma linalozunguka. Wajapani ndio wakaja na hii, tepu ndefu imeachwa ilale bila kubanwa, haichoki haraka. Bendi zote zilitaka moja. Magitaa yalilia, waimbaji wakawa malaika.

Halafu zikaja mashine zisizo na tepu hata kidogo, kila kitu ndani ni namba. Mwanawe, Neel, alikuwa ameleta moja dukani, nyembamba kama Biblia ya mfukoni, na kila siku alikuwa anamwambia baba yake lile zee litupwe. Gopal akasema hiyo mpya inarudisha sauti vilevile ulivyoitoa, kama mtu anayekuiga ili akukasirishe. Ya tepu inarudi kila mara imechoka kidogo zaidi, imefifia, kama mtu aliyeitwa ng'ambo ya bonde na anaendelea kwenda zake. Aliposema hivyo Bharti akaacha kuhesabu betri, akamtazama mumewe kama anayemwona leo.

Na kisa cha mtu kilikuwepo. Sanduku lile lilikuwa la bendi iliyokuwa ikipiga kwenye baa moja mjini mpaka ikavunjika kwa sababu ya mwanamke, na Gopal akalinunua. Ukiinamisha pua lilikuwa bado na harufu ya bia. Nikajiambia Mungu aliwahi kumtumia punda. Sanduku la baa ni nini.

Gopal akanipa maiki, akasema niimbe chochote.

Nikaimba mstari mmoja tu, wimbo wetu wa makambi: "Tutafika lini, Bwana, tutafika lini?" Na ile sauti iliyonitoroka kidogo kidogo, ile ya juu na ile ya katikati, ikarudi kutoka ndani ya spika kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilikuwa mimi. Mimi wa mwaka ule nilioolewa, nimesimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza na gauni la kuazima. Nikalia pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kununua balbu. Bharti akanipa karatasi ya kufungia bidhaa nipanguse machozi, ikanichubua uso.

Gopal aliniazima sanduku. Katika mji mzima, alisema, mimi ndiye wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho. Akavipanga vifundo mwenyewe, akaviwekea alama kwa rangi ya kucha ya Bharti, na akanionya juu ya kimoja cha kulia: hicho ndicho kinachoamua sauti irudi mara ngapi. Nisikiguse. Kanisa letu lilikuwa tayari limekodi vyombo vyake vya makambi, spika, jenereta na fundi wake Ratemo, kwa hiyo Ratemo angeniunganishia kimyakimya. Mwalimu Ochoki asingejua, maana angeuliza kimetoka wapi, na jibu lingekuwa baa.

Siri hiyo sikumwambia mtu. Nilimwambia Kemuma tu. Nikamwambia na mahali nitakapolificha sanduku, ili anishauri kuhusu kitambaa. Kemuma naye hakumwambia mtu, isipokuwa wateja.

Ijumaa ile sanduku lilipanda Manga kwenye pikapu ya ndizi, limefunikwa majani, mimi nimelikalia. Tulichelewa. Tulipofika kiwanjani jua lilikuwa limegusa ukingo wa mlima, na akina mama walikuwa wakifunika sufuria za chakula cha kesho mbio mbio, kwa sababu likizama hakuna kupika, hakuna kufunga waya, hakuna kujaribu mashine. Ratemo akaunganisha maiki ya kwaya na sanduku, tukalisukuma chini ya meza ya maua, nikateremsha kitambaa mpaka chini. Muda wa kulisikiliza haukuwepo.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo ambalo wajukuu zangu wataambiwa. Ratemo alipokwenda kuzima jenereta, niliingiza mkono chini ya kitambaa. Nilifikiri hivi: kama kidogo ni kitamu namna ile, kingi kitakuwaje? Mimi ni mtu wa chai. Wateja wangu hawajawahi kulalamika kwamba sukari imezidi. Nikakishika kile kifundo cha kulia nikakizungusha mpaka kikagoma. Jua likazama. Kuanzia hapo kukirudisha ingekuwa kazi, na kazi ni dhambi.

Sabato asubuhi turubai lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye migomba. Safu ya mbele walikaa wazee wa kanisa, na katikati yao Mzee Obwocha, mwenyekiti wa makambi, tai nyeusi, fimbo katikati ya magoti. Huyo Mzee Obwocha ndiye baba yake mume wangu. Mkumbuke.

Tukasimama. Mimi mbele na maiki, meza ya maua mkono wangu wa kulia, kwaya nyuma. Nilikuwa nimevaa sare mpya ya buluu iliyobana kidogo, nikajiona kama jogoo wa maonyesho. Mwalimu Ochoki akainua mkono. Sasa ujue alivyoifunza kwaya ile. Kwa miaka alikuwa akiwaambia: asiingie mtu kabla ya mwongozaji kumaliza, anayeingia mapema ni sawa na mtoto anayemkata mzee maneno. Kwaya ya Manga ilisifika Nyamira nzima kwa jambo hilo. Walijua kungoja.

Nikaimba. "Tutafika lini, Bwana, tutafika lini?"

Turubai lilitetemeka. Nakwambia ilikuwa tamu. Sauti ilikwenda ikarudi, lini, lini, lini, na nikaona mama mmoja wa safu ya tatu amefumba macho, nikasema moyoni, Esnah, umefika. Nikafunga mdomo, nikangoja kwaya ijibu.

Kwaya haikujibu. Ilikuwa inangoja nimalize.

Lini, ikasema spika. Lini. Tutafika lini. Na badala ya kufifia kama dukani ilikuwa inanenepa, kila ikirudi imekula zaidi. Mimi nimefunga mdomo na sauti yangu inaendelea. Mwalimu Ochoki alinitazama mdomo, akatazama spika, akanitazama mdomo tena. Mkono wake ulikuwa bado juu. Kwaya nzima ilikuwa imevuta pumzi na kuishikilia, macho yamewatoka, wenye adabu, hakuna anayetaka kumkata mzee maneno.

Kwetu mtu akitoa ushuhuda mrefu kupita kiasi, kanisa humsaidia kuketi kwa kusema amina. Basi mtu mmoja nyuma akasema amina, kwa upole. Wengine wakamuunga mkono. Kumbe maiki ilikuwa mkononi mwangu, wazi, na amina zao zikaingia sandukuni, zikarudi na zile lini, na watu waliozoezwa kuitikia amina wakaziitikia. Mtoto akaanza kulia, kilio chake nacho kikaingia kundini. Ikawa ngurumo moja inayouliza na kujijibu, kama pepo wanaofanya mkutano. Mbwa walitoka kiwanjani.

Nilijua la kufanya. Ni kupiga magoti, kuingiza kichwa chini ya meza, kurudisha kile kifundo. Kazi ya kufumba na kufumbua, na kama ni dhambi, Yesu mwenyewe aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa. Lakini kwetu Gusii kuna ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, na kati ya mwanamke na baba mkwe wake ni kali kuliko amri ya mkuu wa wilaya. Sili naye meza moja. Simpi mkono. Sipiti mbele yake kichwa wazi. Na ile meza ilivyokaa, mtu akiinama chini yake, kichwa kinaelekea kwaya na kile kingine chote kinaelekea safu ya wazee. Na ile sare ilivyonibana. Ningeinama pale, Mzee Obwocha angelazimika kuhama wilaya.

Kwa hiyo nilisimama. Mwanamke mzima, maiki mkononi, mdomo umefungwa, nikipiga kelele kuliko wote waliokuwepo. Nilijaribu kutabasamu. Ratemo angezima jenereta lakini alikuwa amelala nyuma ya madarasa. Nikaangalia safu ya akina mama, nikaona jambo lililoniumiza kuliko ngurumo: hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanatazama kitambaa cha meza. Wateja wa Kemuma, kila mmoja.

Ndipo Cynthia akatoka kwenye safu yake. Yeye alikuwa hajaolewa, hana baba mkwe pale wala popote. Akapiga magoti bila wasiwasi, akainua kitambaa, akaingia chini ya meza kama anayetafuta sindano. Ngurumo ikapungua. Ikawa sauti, ikawa mnong'ono, ikaisha. Kukawa kimya hata majani ya migomba ukayasikia.

Akatoka na vumbi kwenye magoti. Mwalimu Ochoki, ambaye mkono wake ulikuwa haujashuka, alinitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Hata kwikwi. Ile sauti iliyobaki kwangu, nayo ilikuwa imekimbia na mbwa.

Cynthia akaninong'oneza, "Mama, niazime." Hakunipokonya. Mimi ndiye niliyempa maiki.

Akaimba mstari uleule. Chini ya meza alikuwa amekirudisha kifundo mpaka kwenye alama ya rangi ya kucha, hakujua maana yake, aliniambia baadaye aliona tu imepakwa akafikiri ndipo nyumbani kwa kifundo. Sauti yake ikaenda, ikarudi mara mbili tatu, imechoka kidogo, ikapotea ng'ambo. Kwaya ikangoja mpaka sauti ipotee kabisa, ndipo ikajibu. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na nilikuwa nimesimama kando yake na mikono mitupu, nimemletea mwenyewe kutoka mjini, nimekikalia njiani kisivunjike. Watu walilia. Mzee Obwocha alitoa kitambaa mfukoni. Mama wa safu ya tatu alifumba macho tena, mnafiki yule.

Jumatatu hoteli ilijaa kuliko siku yoyote tangu niifungue. Watu walikuja kula na kuniangalia. Kemuma alikuwa anaieleza habari kwa kuonyesha na mikono, na kila mezani niliongezewa kitu: mara nilizimia, mara sanduku lilitoa moshi. Nilimwacha. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo, na vizuri zaidi.

Saa za chai wakaingia Mwalimu Ochoki na Cynthia. Mabenchi yote yakageuka. Mwalimu akaketi, akasafisha koo. Nikamrahisishia, nikasema najua mmekuja tusikilizane.

"Cynthia ataongoza," akasema. "Hilo limekwisha, Dada Esnah, na wewe ulikuwepo likiisha."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimelitayarisha neno hilo tangu Sabato. Cynthia alikuwa anaangalia kikombe chake kana kwamba kina maandishi.

Kisha nikangoja lile la pili, la baa. Nilijua litakuja, nilishajiona nimesimamishwa mbele ya baraza. Mwalimu akaniambia wazee wamekaa. Wameambiwa sanduku lilikotoka, maana nani hakuambiwa. Na Mzee Obwocha amesema kwamba kitu kikiwa kimetoka baa kikaja kanisani, hicho kimeongoka, na hakuna anayemrudisha mwongofu baa. Desemba kuna mkutano wa kwaya zote Ekerenyo, na mzee anataka mwangwi. Mwalimu yeye aliita mwangwi. Hawezi kusema eko hata ukimlipa. Wamekwisha kumwendea Gopal.

"Gopal anasema sanduku lake hampi kanisa wala hampi Mwalimu," akasema. "Anakupa wewe. Anasema wengine hawajui historia yake."

Benchi la nyuma mtu akacheka. Hivyo ndivyo nilivyotoka kuwa sauti ya Manga nikawa mchungaji wa sanduku. Kati ya Agosti na Desemba nilikwenda kwa Gopal kila nilipopata nafasi, akanifunza kupangusa vichwa vya mashine, pale sauti inapoandikwa na kusomwa, kwa pamba na spiriti, kukata tepu iliyochakaa na kuunganisha mpya isikwame pale penye kiungo. Neel alipita akatikisa kichwa. Bharti alipita akaniuliza habari za sokoni. Nilikuwa naharibu tepu nyingi kuliko nilizounganisha, lakini Gopal alikuwa mvumilivu kama mtu aliyepata mgeni baada ya msimu mrefu.

Ekerenyo sikulificha sanduku. Nililiweka juu ya meza kando ya spika, mimi nimeketi nyuma yake, nimewaelekea wazee, siinami mbele ya mtu. Yule mama wa kaseti naye aliimba, kwa maiki kavu, isiyo na eko, na niwaambie kwa upendo wa Kikristo, alikuwa na sauti ya kawaida kabisa, tena na mafua. Nilikaa vizuri zaidi kitini.

Halafu Manga wakasimama. Cynthia mbele, akivutavuta mkono wa sare yake, maana Ekerenyo si kijijini kwake na mchumba wake alikuwa amekuja na wazazi. Niliona koo lake kabla sijasikia. Mstari wa kwanza ulipanda vizuri. Wa pili, pale juu kabisa, pale pangu, sauti ikapasuka. Ufa mdogo, lakini mimi nilipajua pale kama mlango wa nyumba yangu.

Kidole changu kilikuwa kwenye kifundo cha kulia. Ningekiacha, ule ufa ungesimama uchi mbele ya Nyamira yote, na Mwalimu Ochoki angelazimika kunisikiliza tena. Sidanganyi, nililifikiria hilo. Nililifikiria kwa muda ambao neno linachukua kutoka kichwa cha kwanza cha mashine kwenda cha pili. Kisha nikakizungusha, kidogo, nyuma ya alama kisha mbele ya alama, eko ikaja ikaufunika ufa, ikaubeba, na uliporudi mara ya pili ulikuwa umechoka kama kila kitu kinachorudi, hakuna ambaye angejua. Cynthia alinitazama kwa upande wa jicho, akavuta pumzi, akaendelea, na kuanzia hapo alipaa.

Usiniite mwema. Kama ingeharibika wangesema ni mashine, na mashine ilikuwa mimi.

Mkutano ulipokwisha nilibaki nikikunja waya. Wanawake wa Ekerenyo walikuwa wamemzunguka Kemuma, aliyekuja kuuza mitumba na kushuhudia, wakamuuliza yule mama wa sandukuni ni nani hasa. Kemuma akateremsha sauti, ambayo kwake ni sauti ya kawaida ya watu wengine.

"Yule?" akasema. "Yule ndiye anayeimba. Yule msichana kazi yake ni kufungua mdomo."

Nilimsikia vizuri sana. Cynthia alikuwa hatua chache kutoka pale, akisalimiana na wazazi wa mchumba, hakusikia. Ningeweza kugeuka nikasema hapana, jamani, si hivyo.

Waya ulikuwa mrefu. Niliendelea kuukunja.